Dopamini si Kemikali ya Raha: Historia Fupi ya Jinsi Ubongo Unavyojifunza kwa Tuzo

Utangulizi

Miongoni mwa wanafunzi wenzangu wa ualimu, neno dopamini limekwisha kuwa neno la kila siku. Mtu akila chapati moto kwa maharage anasema amepata dopamini. Timu yake ikifunga bao dakika ya tisini, dopamini. Akishinda katika kubeti, dopamini tena. Maana inayokusudiwa ni moja tu: kemikali ya raha inayomwagika kichwani mtu anapofurahi.

Mimi nasoma Kiswahili na Historia hapa Uganda, wala si mtu wa maabara, na sikusudii kuwafundisha madaktari kazi yao. Lakini jina nalo lina historia yake, na historia ndiyo kazi yangu. Katika insha hii nauliza maswali matatu. Jina la "kemikali ya raha" lilitoka wapi? Lilikuwa na ushahidi gani lilipozaliwa? Na kwa nini watafiti wenyewe waliliacha ilhali sisi tunaendelea nalo? Hoja yangu ni kwamba jina hili ni mabaki ya kipindi kimoja cha utafiti, hasa kati ya 1954 na 1982, na kwamba kufikia 1997 ushahidi ulikuwa umeelekea kwingine kabisa: seli za dopamini haziripoti raha, bali zinaripoti tofauti kati ya kile kilichotarajiwa na kile kilichopatikana. Kwa maneno mengine, hizi ni seli za kujifunza. Tofauti hiyo si ya maneno matupu, kama nitakavyoonyesha mwishoni, kwa sababu inagusa namna tunavyomwelewa mcheza kamari na namna tunavyomfundisha mwanafunzi.

Kabla sijaendelea, niseme neno moja kuhusu istilahi. Wanasaikolojia hutumia neno moja kwa kitu chochote kizuri kinachomfanya mnyama au mtu arudie alichokifanya. Kiswahili kina maneno mengi yanayokaribia maana hiyo: thawabu, zawadi, malipo, tuzo. Thawabu ina harufu ya dini, malipo yana harufu ya mkataba, na zawadi hutolewa hata bila mtu kutenda lolote. Nimechagua tuzo, kwa kuwa tuzo hufuata tendo.

Kemikali iliyodharauliwa

Dopamini ilitengenezwa maabarani kwa mara ya kwanza mwaka 1910 huko London, na wanakemia George Barger na James Ewens. Mwenzao Henry Dale aliipima na kuona kwamba inafanya kazi kama adrenalini, ila kwa udhaifu mkubwa. Kwa zaidi ya miaka 40 baadaye, ilichukuliwa kuwa kituo cha njiani tu: mwili huitengeneza ili kuigeuza kuwa noradrenalini, basi. Hakuna aliyeipa kazi yake yenyewe.

Mambo yalibadilika mwaka 1957. Nchini Uingereza, Kathleen Montagu aliripoti kuwa ameikuta dopamini ndani ya ubongo, ubongo wa binadamu ukiwamo. Mwaka huo huo, katika mji wa Lund nchini Sweden, Arvid Carlsson na wenzake walifanya jaribio ambalo sasa linatajwa katika kila kitabu cha somo hili. Waliwapa sungura dawa iitwayo reserpini. Sungura wakalegea, masikio yakaanguka, wakakaa bila kujongea. Kisha wakawadunga L-dopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini. Katika muda wa dakika chache sungura waliinuka na kutembea. Carlsson alipopima bongo za wanyama hao, aliona kwamba noradrenalini haijarudi. Kilichorudi ni dopamini. Basi haikuwa kituo cha njiani; ilikuwa na kazi yake.

Hapa pana jambo dogo ambalo sisi wa ukanda huu tunapaswa kulijua. Reserpini ilitokana na mmea wa India uliotumika katika tiba za jadi kwa karne nyingi, nao ulitenganishwa na wanakemia wa Uswisi mwaka 1952. Lakini mti wa jamii hiyo hiyo, Rauvolfia vomitoria, humea katika misitu ya Kongo na Uganda, nao ulikuja kuwa chanzo kikubwa cha reserpini ya kuuza duniani. Historia ya dopamini, kwa hiyo, haikuandikwa na Ulaya peke yake. Maarifa ya waganga wa Asia na magome ya miti ya Afrika yamo ndani yake, ingawa majina ya waliochuma magome hayo hayakuandikwa popote.

Hoja ya Carlsson haikupokelewa kwa vigelegele. Katika mkutano uliofanyika London mwaka 1960, wataalamu mashuhuri, Dale mwenyewe akiwamo, waliitilia mashaka makubwa. Lakini ushahidi ulizidi kuja. Mwaka huo huo wa 1960, huko Vienna, Herbert Ehringer na Oleh Hornykiewicz walipima bongo za watu waliokufa kwa ugonjwa wa Parkinson, ugonjwa unaomfanya mtu atetemeke na kukakamaa, wakakuta dopamini imepungua mno katika sehemu ya ndani iitwayo striatamu. Mwaka 1961 Hornykiewicz na daktari Walter Birkmayer waliwadunga wagonjwa L-dopa, na baadhi ya waliokuwa hawawezi kusimama wakasimama.

Mwaka 1964 Annica Dahlström na Kjell Fuxe wa Sweden walitumia mbinu mpya ya kuziona seli hizi moja kwa moja: vipande vya ubongo vikiwekwa katika mvuke wa formaldehaidi, seli zenye dopamini hung'aa rangi ya kijani chini ya hadubini. Wakachora ramani. Ramani hiyo ilionyesha kwamba seli za dopamini ni chache sana. Tunajua leo kwamba kwa binadamu ni laki kadhaa tu kati ya seli za neva zipatazo bilioni 86. Nyingi zimekusanyika katika ubongo wa kati, lakini nyuzi zake husambaa hadi striatamu na hadi sehemu ya mbele ya ubongo, kama mizizi ya mgumba, au mtini, inavyosambaa uwanjani. Seli chache zenye kufika mbali namna hiyo haziwezi kubeba habari nyingi tofauti. Zinafaa kutangaza jambo moja kwa wengi. Swali likawa: tangazo lenyewe ni lipi?

Kufikia hapo, jibu la wengi lilikuwa "mwendo". Parkinson ni ugonjwa wa mwendo. Sungura walishindwa kutembea. Neno raha lilikuwa bado halijatajwa.

Panya wa Montreal na kuzaliwa kwa neno "raha"

Raha iliingia kwa mlango mwingine. Mwaka 1953, katika Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal, James Olds na Peter Milner walikuwa wakipachika nyaya nyembamba ndani ya bongo za panya ili kuzichochea kwa umeme kidogo. Waya wa panya mmoja ulikosea njia na kuishia mahali pasipokusudiwa. Panya huyo alianza kurudi tena na tena kwenye pembe ya meza alipokuwa amechochewa. Olds na Milner wangeweza kumtupa kama jaribio lililoharibika. Badala yake walimfuatilia, kisha wakawaweka panya wengine katika sanduku lenye wenzo ambao panya mwenyewe akiubonyeza hupata umeme. Panya waliubonyeza mamia ya mara kwa saa, na katika majaribio ya baadaye maelfu ya mara.

Walichapisha matokeo mwaka 1954, na makala yao yenyewe ilikuwa na tahadhari. Ilisema tu kwamba kichocheo hicho huimarisha tendo. Lakini miaka miwili baadaye Olds aliandika katika jarida la wasomaji wa kawaida kuhusu "vituo vya raha" katika ubongo, na neno hilo likashika. Ni rahisi kuona sababu. Mtu akimwona panya anabonyeza bila kupumzika, atasema: huyu anafurahi. Lakini panya hakusema kwamba anafurahi. Sisi ndio tuliosema kwa niaba yake. Kilichoonekana ni tendo kurudiwa. Raha ilikuwa ni tafsiri.

Katika miaka ya 1970 njia mbili hizi zilikutana. Ilionekana kwamba dawa zinazoziba dopamini huwafanya panya waache kubonyeza. Mwaka 1978 Roy Wise wa Montreal na wenzake walionyesha kwamba panya waliozibwa dopamini hubonyeza wenzo wa chakula kidogo kidogo hadi kuacha, kana kwamba chakula kimekuwa bure mdomoni. Mwaka 1982 Wise alieleza dhana yake kwa ukamilifu: bila dopamini, vitu vizuri hupoteza utamu wake. Hapo ndipo dopamini ilipovishwa rasmi joho la raha. Ndilo joho ambalo bado tunaliona katika mazungumzo yetu ya bwenini.

Joho hilo halikudumu maabarani. Mwaka 1989 Kent Berridge na Terry Robinson, wa Chuo Kikuu cha Michigan, pamoja na mwenzao, waliripoti habari za panya ambao dopamini yao ilikuwa imeharibiwa karibu yote. Panya hao hawakula wenyewe. Wangekufa njaa mbele ya chakula. Lakini walipotiwa maji ya sukari mdomoni, walilamba midomo yao kwa namna ile ile ya panya wazima. Utamu ulikuwepo. Kilichokosekana ni msukumo wa kuutafuta. Berridge na Robinson wakatenganisha mambo mawili ambayo Kiswahili hukitenganisha vizuri pia: kupenda kitu na kukitaka kitu. Wise mwenyewe baadaye aliiacha sehemu ya dhana yake inayohusu raha. Mtafiti aliyeipa dopamini joho hilo ndiye aliyelivua.

Upande wa nadharia: kujifunza huletwa na mshangao

Wakati hayo yakiendelea, kundi jingine la wasomi lilikuwa likishughulika na swali tofauti bila kuitaja dopamini hata kidogo: mnyama hujifunzaje? Mwaka 1898 Edward Thorndike aliwafungia paka katika masanduku na kuhesabu muda waliochukua kutoka. Aliona kwamba tendo linalofuatwa na matokeo mazuri huimarika. Walimu wote tunaikuta kanuni hiyo katika mwaka wa kwanza. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba inatosha tendo na tuzo, au ishara na tuzo, vikae karibu karibu, na mnyama atajifunza.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, Leon Kamin wa Kanada alionyesha kwamba haitoshi. Alimfundisha panya kwamba mlio fulani hufuatwa na mshtuko wa umeme. Panya alipokwisha kujua, Kamin aliongeza taa: sasa mlio na taa viliwaka pamoja, kisha mshtuko. Mara nyingi tu. Halafu aliwasha taa peke yake, na panya hakuonyesha hofu ya maana. Taa ilikuwa imekaa karibu na mshtuko kila mara, lakini panya hakujifunza kitu juu yake. Kwa nini? Kwa sababu mshtuko ulikuwa umekwisha kutabiriwa na mlio. Taa haikuleta habari mpya. Wahenga wetu walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kamin angeongeza kwamba hushtukia kile tu kilichomwonya, si kila kilichokuwepo siku hiyo.

Mwaka 1972 Robert Rescorla na Allan Wagner waliandika wazo hilo kwa hesabu: kiasi cha kujifunza hutegemea tofauti kati ya kilichopatikana na kilichotarajiwa. Nitaieleza kwa mfano wa sokoni. Tuseme mama muuza nyanya hukupa nyanya 5 kwa fungu. Siku moja anakutilia 2 za nyongeza. Ulitarajia 5, umepata 7. Tofauti ni +2, na siku hiyo unajifunza kitu: meza hii ni nzuri. Anaendelea kukupa nyongeza kila wiki. Baada ya miezi miwili unatarajia 7 na unapata 7. Tofauti ni 0, na hakuna jipya unalojifunza, ingawa nyanya ni zile zile na mchuzi ni ule ule. Kisha siku moja anakupa 5 tu. Hizo ndizo ulizolipia, hujapunjwa hata moja, lakini tofauti ni -2, na unaondoka umenuna.

Katika miaka ya 1980 Richard Sutton na Andrew Barto, wataalamu wa kompyuta katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, waliipeleka hesabu hii mbele hatua moja. Walitaka mashine ijifunze bila kungoja mwisho wa safari. Kwa njia yao, kila hatua hulinganisha utabiri wa sasa na utabiri wa dakika iliyopita. Hivyo, tofauti haijitokezi tu tuzo inapofika. Hujitokeza mapema, pale ishara ya kwanza ya tuzo inapoonekana bila kutarajiwa. Katika mfano wetu, siku hizi moyo haudundi nyanya zinapotiwa mfukoni. Unadunda pale unapokata kona na kuona kwamba mama yule leo amekuja sokoni.

Kima wa Fribourg

Sasa turudi maabarani. Huko Fribourg, Uswisi, Wolfram Schultz alikuwa akisikiliza seli za dopamini za kima, moja moja, kwa waya mwembamba. Alikuwa akitafuta kile ambacho wote wa wakati wake walikitafuta: mwendo. Alitarajia seli zilie kima anapoinua mkono. Hazikulia kwa namna hiyo. Zililia pale mkono ulipogusa kipande cha chakula ndani ya kisanduku.

Kwa hiyo ni raha? Majaribio ya mwanzo wa miaka ya 1990 yalikataa jibu hilo pia. Kima akipewa tone la juisi bila kutarajia, seli hulia kwa mlipuko mfupi. Juisi ikitanguliwa na taa au mlio mara nyingi, mlipuko huhama: seli hulia ishara inapotokea, na juisi inapofika hukaa kimya, zikiendelea na mwendo wao wa kawaida. Juisi ni tamu kama jana, kima anaimeza kama jana, lakini seli hazina la kusema. Na ishara ikitokea kisha juisi isije, seli hupunguza sauti yake chini ya kawaida, na hufanya hivyo katika wakati ule ule ambapo juisi ilipaswa kufika. Chanya, sifuri, hasi: ni nyanya 7 zisizotarajiwa, nyanya 7 zilizotarajiwa, na nyanya 5 za siku ya kununa.

Waliolitambua hilo kwanza kwa upande wa hesabu walikuwa Read Montague, Peter Dayan na Terrence Sejnowski, waliokuwa wakiifahamu kazi ya Sutton na Barto. Mwaka 1997 Schultz, Dayan na Montague walichapisha pamoja katika jarida la Science makala iliyounganisha pande mbili: mlio wa seli za dopamini unafanana na ile tofauti ya utabiri ambayo wataalamu wa kompyuta walikuwa wameihitaji ili mashine zao zijifunze. Mwaka 2017 Schultz na Dayan, pamoja na Ray Dolan, walipewa tuzo kubwa ya utafiti wa ubongo huko Denmark kwa kazi ya njia hii.

Lakini kufanana si kusababisha, na mwanahistoria anapaswa kulisisitiza hilo. Huenda seli hulia tu mnyama anapojifunza, bila kuwa ndizo zinazofundisha. Jibu lilingoja mbinu ya kuziamsha seli kwa mwanga. Mwaka 2009 Hsing-Chen Tsai na wenzake walionyesha kwamba mlipuko wa seli hizo peke yake, bila chakula wala kinywaji, unatosha kumfanya panya mdogo apende kukaa mahali ulipotolewa. Mwaka 2013 Elizabeth Steinberg na wenzake wakalirudia jaribio la mtindo wa Kamin: waliziamsha seli za dopamini za panya pale ambapo tuzo ilikuwa imekwisha kutabiriwa na hakukuwa na mshangao wowote. Panya, ambaye kwa kawaida asingejifunza ishara ya pili, alijifunza. Mshangao wa kubuni ulifanya kazi ya mshangao wa kweli.

Kutoka tuzo hadi kumbukumbu

Seli hizi hufundishaje? Donald Hebb, ambaye ndiye aliyewavutia Olds na Milner waende McGill, alipendekeza mwaka 1949 kwamba seli mbili zinazofanya kazi pamoja huimarisha kiungo kati yao. Dopamini imeongeza sharti la tatu. Mwaka 2001 John Reynolds, Brian Hyland na Jeffery Wickens wa New Zealand walionyesha kwamba viungo vya striatamu huimarika mlio wa dopamini unapokuwepo, na kwamba panya ambao viungo vyao viliimarika zaidi ndio waliojifunza haraka kubonyeza wenzo. Dopamini haibebi somo lenyewe. Inasema: hiki kilichotokea sasa hivi, kishikeni.

Si mazoea ya mkono tu yanayoshikwa. Mwaka 2005 John Lisman na Anthony Grace walieleza kwamba hipokampasi, sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu za matukio, ina mazungumzo ya kwenda na kurudi na seli za dopamini: hipokampasi huzijulisha kwamba kuna jambo jipya, nazo hurudisha dopamini inayosaidia jambo hilo kudumu. Mwaka 2006 Alison Adcock na wenzake wa Marekani waliwaonyesha watu picha, na kabla ya kila picha wakawaambia kama kuikumbuka kesho kutawapatia dola 5 au senti 10. Kesho yake picha za dola 5 zilikumbukwa zaidi. La kuvutia ni kwamba ubongo wa kati na hipokampasi viliamka kabla ya picha kuonekana, na pale vilipoamka zaidi, picha iliyofuata ilikumbukwa vizuri zaidi. Ubongo ulikuwa umeshaandaliwa na tarajio.

Nisiache picha kwamba kila kitu kimekwisha kutatuliwa. Mwaka 2009 Masayuki Matsumoto na Okihide Hikosaka walionyesha kwamba baadhi ya seli za dopamini za kima hulia pia kwa jambo baya, si kwa zuri tu. Seli hizi si kwaya ya sauti moja. Hata hivyo ushahidi huo hauirudishi dhana ya raha. Unaisogeza mbali zaidi.

Kwa nini jina linatuhusu

Mtu anaweza kusema: raha au mshangao, kuna tofauti gani kwa mwalimu wa Kiswahili? Naona tofauti mbili.

Ya kwanza ni kamari. Kuanzia miaka ya 2000 madaktari waliripoti kwamba baadhi ya wagonjwa wa Parkinson waliopewa dawa zinazoiga dopamini walianza kucheza kamari bila kujizuia, watu ambao hawakuwa na tabia hiyo kabla. Mwaka 2004 Michael Frank na wenzake walikuwa wameonyesha upande wa pili wa jambo hilo: wagonjwa wa Parkinson wakiwa wametumia dawa hujifunza vizuri kutokana na matokeo mazuri na vibaya kutokana na matokeo mabaya, wakiwa hawajatumia, ni kinyume chake. Yaani dopamini ikizidi, hasara haifundishi. Sasa mfikirie kijana anayebeti kila Jumamosi. Tukiamini dopamini ni raha, tutamwambia: wewe unapenda starehe, jizuie. Lakini ukimuuliza atakuambia kwamba haifurahii tena. Kamari imeundwa isitabirike. Kila ushindi mdogo ni tofauti chanya, na kwa kuwa hauwezi kutarajiwa barabara, haifiki sifuri kamwe. Anaendelea kutaka kitu ambacho hakipendi tena, kama vile panya wa Michigan walivyopenda kitu wasichoweza kukitaka. Huyo hahitaji mahubiri kuhusu starehe. Anahitaji kuondolewa ishara: matangazo, ujumbe wa simu, kibanda kilicho mlangoni pa chuo.

Ya pili ni darasa. Shule niliyosoma ilitoa zawadi kwa watatu wa kwanza kila muhula, na walikuwa wale wale watatu. Kwa hao, zawadi ilikuwa nyanya 7 za kila wiki. Kwa sisi wengine, tulijua hatupati. Hakuna upande uliopata tofauti yoyote ya kujifunzia. Madaftari nayo yalirudi yakiwa yamesahihishwa baada ya wiki tatu, wakati hakuna aliyekumbuka alitarajia nini alipoandika jibu. Najua kwamba kima wa Fribourg si mwanafunzi wa darasa la sita, na kwamba mlio wa sekunde moja katika seli hauwezi kupanga ratiba ya shule. Lakini ikiwa kujifunza hutegemea kulinganisha tarajio na matokeo, basi mwanafunzi apewe kwanza nafasi ya kutarajia, yaani kubashiri jibu kabla ya kuambiwa, na matokeo yamfikie mapema, tarajio likiwa bado hai. Hilo halihitaji fedha za zawadi.

Hitimisho

Nimeonyesha kwamba dopamini ilipita mikononi mwa tafsiri nne: kituo cha njiani hadi 1957, kemikali ya mwendo baada ya hapo, kemikali ya raha kuanzia pale kazi ya Olds na Milner ilipokutana na ya Wise, na ishara ya kujifunza tangu 1997. Kila mara tafsiri ya zamani ilivunjwa na jambo lisilotarajiwa: sungura aliyeinuka, waya uliokosea njia, panya aliyelamba midomo, seli iliyonyamaza juisi ilipofika. Sisi tulichukua tafsiri ya tatu na kubaki nayo.

Wenzangu tunaokwenda kufundisha saikolojia ya elimu kwa Kiswahili, na walimu wetu mnaoandaa istilahi, napendekeza tusiandike "homoni ya furaha" katika vitabu vitakavyosomwa na watoto wa ukanda huu. Tuandike kwamba dopamini ni kemikali inayouambia ubongo kwamba mambo yamekuwa mazuri au mabaya kuliko ilivyotarajiwa, ili ubadilishe utabiri wake. Ni maelezo marefu zaidi, lakini mwanafunzi wa kidato cha tatu akipewa mfano wa nyanya na nyongeza atayaelewa kabla kengele haijalia.